Pembetatu Yenye Majibu Mawili

Miaka ile bwawa la umeme la mto Tshopo lilipokuwa likijengwa, mimi nilikuwa mkokotoaji katika ofisi ya upimaji ardhi hapa Kisangani. Mtaani kwetu hakuna aliyejua kazi hiyo ni nini. Watu waliwajua wapimaji, wazungu wenye kofia na darubini ya miguu mitatu, na waliwajua wanaume wa kubeba fito zenye rangi nyekundu na nyeupe. Lakini mtu anayekaa ndani mchana kutwa na penseli na kitabu cha majedwali, huyo alikuwa wa kutiliwa shaka. Wengine walidhani naandika majina ya wasiolipa kodi. Nilipopita, mazungumzo barazani yalipungua sauti.

Shuleni kwa wamisionari tulifundishwa pembetatu zenye pembe mraba, zile zinazofanana na kona ya nyumba. Ofisini sikukutana nazo. Ardhi haina kona ya nyumba. Ina mto unaopinda, njia inayokwepa kichuguu, mwamba ambao hakuna aliyeweza kuuhamisha. Mpimaji alirudi na daftari lake lenye pembetatu zilizoinama kila upande, na mimi nilitakiwa kuzikamilisha. Kanuni ilikuwa moja. Kila pembe ina namba yake kwenye jedwali, inaitwa sinusi. Chukua upande wowote wa pembetatu, ugawanye kwa sinusi ya pembe inayoutazama, na jibu litakuwa lile lile kwa pande zote tatu. Ukiujua upande mmoja na pembe inayoutazama, kilichobaki unakipata ukiwa umekaa kitini, hujakanyaga tope. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na niliiamini kanuni hiyo kuliko nilivyowaamini watu.

Mimi ni mtu wa zile familia za Waislamu ambazo mababu zao waliletwa hapa na misafara ya biashara. Baba alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Alizikwa pamoja na wazee wetu wengine upande wa kaskazini wa Tshopo, kando ya njia nyembamba inayoelekea msituni, pembeni ya shamba la michikichi lililokuwa la ukoo. Aliyelitunza shamba lile na makaburi yale alikuwa mdogo wake baba, tonton wangu, fundi cherehani. Ofisini sikuwahi kumweleza mtu habari hizo. Hakuna aliyeniuliza.

Siku moja mkuu wangu, mpimaji Mbelgiji, aliniwekea jalada mezani. Kampuni fulani ilitaka kuzungushia uzio ardhi iliyopewa zamani, kabla sijazaliwa. Sasa umeme ulikuwa unakuja, na kila mwenye karatasi alikumbuka karatasi yake. Mpaka wa ardhi ile ulikuwa na mawe matatu. Jiwe la kwanza lilikuwa kandokando ya njia, la pili juu ya kilima kidogo, la tatu mbele zaidi kwenye njia ile ile. Mchwa walikuwa wamelila jalada. Mchoro wote uliliwa, na kwenye ukurasa wa vipimo zilibaki namba tatu tu. Kutoka jiwe la kwanza hadi la pili, mita mia mbili na arobaini. Pembe kwenye jiwe la kwanza, kati ya kilima na njia, digrii thelathini na nane. Kutoka jiwe la pili hadi la tatu, mita mia na sabini.

"Jumatatu tutakwenda kuyatafuta," mkuu akasema. "Utakuja na daftari."

Alisema kwa Kifaransa, kama siku zote akiwa na haraka. Nilisoma jina la njia kwenye jalada. Ilikuwa njia yetu.

Jumatatu tuliliona jiwe la kwanza na la pili, yote mawili yamefunikwa na majani. Tulipima upya umbali na pembe, vikakubaliana na vya zamani. Jiwe la tatu halikuonekana. Tulitembea kwenye njia huku na huku, wanaume wakifyeka kwa panga. Wanawake waliokuwa wakipita na mihogo walisimama kututazama, wakanitazama mimi hasa. Mmoja wao alinijua. Sikumsalimu, kwa kuwa mkuu alikuwa karibu, na mpaka leo sipendi kukumbuka kwamba sikumsalimu.

Jioni ile, kabla ya magharibi, tonton aliniita dukani kwake. Alikuwa ameketi nyuma ya cherehani, tepu ya kupimia shingoni, nguo nusu imeshonwa mapajani. Hakuniambia niketi.

"Wewe iko unapima makaburi?" akaniuliza.

"Hapana, Tonton. Tunatafuta jiwe la kampuni."

"Jiwe iko wapi?"

"Halijulikani bado. Tutalipata kwa hesabu."

Alikata uzi kwa meno. "Donc hesabu ndiyo itasema kama baba yako analala kwa shamba yetu ao kwa shamba ya muzungu. Na hesabu nani anaifanya?"

"Mimi, Tonton. Halafu mkuu anaikagua."

"Wewe," akasema, kana kwamba hilo ndilo alilotaka kusikia. Akarudi kwenye kushona. Nilisimama pale mpaka nikaona aibu, nikaondoka.

Jumanne nilifanya hesabu. Haikuchukua nusu saa. Nilizidisha mia mbili na arobaini kwa sinusi ya thelathini na nane, nikagawanya kwa mia na sabini, nikapata sinusi ya pembe iliyoko kwenye jiwe la tatu. Nikatafuta kwenye jedwali. Pembe ilikuwa digrii sitini na kitu. Nikaendelea, nikapata kwamba jiwe la tatu liko mita mia mbili sabini na tatu kutoka la kwanza, kufuata njia. Nilikuwa nimeipita njia ile tangu nikiwa mtoto; sikuhitaji ramani. Mita mia mbili sabini na tatu ilikuwa ng'ambo ya makaburi, ng'ambo ya michikichi. Vyote viliingia ndani ya uzio.

Niliirudia hesabu mara nne. Mara ya tano niliacha namba, nikachukua karatasi kubwa na bikari, nikachora. Jiwe la kwanza, jiwe la pili, mstari wa njia. Nikachoma ncha ya bikari kwenye jiwe la pili, nikaifungua kwa kipimo cha mita mia na sabini, nikazungusha.

Penseli iliukata mstari wa njia mahali pawili.

Nilijua mara moja kosa liko wapi, na halikuwa kosa la mtu. Jedwali letu liliishia digrii tisini. Lakini pembe butu nayo ina sinusi, na sinusi ya sitini na ya mia na ishirini ni moja. Ukijua pande mbili na pembe ambayo haiko kati ya pande hizo, kuna nyakati pembetatu zinakuwa mbili, zote zimekamilika, zote zinatimiza kanuni. Mwalimu alikuwa amelisema jambo hilo siku moja, haraka, akafuta ubao. Nilikokotoa ya pili. Jiwe la tatu sasa lilikuwa mita mia na tano tu kutoka la kwanza, mbali kabisa kabla ya kaburi la kwanza.

Ungedhani nilifurahi. Niliogopa. Katika miaka mitatu ofisini nilikuwa nimekamilisha pembetatu nyingi, na sikumbuki hata moja ambayo niliirudia mara tano. Kwa nini hii? Nilijiuliza kama nimeliona jibu la pili kwa kuwa lipo, au kwa kuwa nilikuwa nalihitaji. Na kama jibu la kwanza lingewaacha wazee wetu nje ya uzio, ningechukua bikari? Nilijua jibu la swali hilo. Nisingechukua.

Jumatano nilikaa kimya. Aliyekaa meza ya jirani, mchora ramani, mtu wa Kivu aliyekuwa rafiki yangu, alinyoosha shingo akaona mchoro.

"Mbona duara?" akauliza.

"Najaribu bikari," nikasema, nikaigeuza karatasi.

Hakuuliza tena. Lakini nilimwona anatabasamu peke yake, na tabasamu lile nililibeba hadi nyumbani.

Alhamisi asubuhi niliingia kwa mkuu na karatasi zote mbili. Nilimweleza polepole. Alisikiliza, akachukua bikari yake mwenyewe, akazungusha, akaona. Alikuwa mtu wa kazi, hakubishana na karatasi. Aliiweka bikari chini, akaacha Kifaransa, akaanza kusema nami kwa Kingwana, Kiswahili cha huku, lugha aliyoitumia kwa wapagazi.

"Baba yako iko wapi?"

"Alikufa, Monsieur."

"Ninajua alikufa. Ninauliza iko wapi."

Nikamwambia ukweli, kwamba amezikwa pale, kando ya njia.

"Na wewe hukusema."

"Hukuniuliza, Monsieur."

"Juzi ulipata jibu moja. Ulilileta?"

"Hapana. Sikuleta lolote."

"Siku mbili umekaa na jibu. Halafu unaleta mbili." Aliitazama karatasi tena, kisha akanitazama mimi. "Umeona mbili kwa sababu ulitaka mbili."

Ndilo neno nililokuwa nimejiambia mwenyewe.

Alisema Jumamosi tutachimba mahali pote pawili. Wapimaji wa zamani, alieleza, walikuwa wakizika mkaa na vipande vya chupa chini ya jiwe la mpaka, ili jiwe likiibwa, alama ibaki, maana mkaa hauozi. Mpaka siku hiyo ataweka mlinzi kwenye njia, na mimi sitakwenda ng'ambo ya Tshopo. Alilisema hilo la mwisho kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nilirudi mezani kwangu, nikamtazama mchora ramani. Nani mwingine angemwambia mkuu habari za baba? Ni yeye peke yake ofisini aliyekuja msibani. Mchana alinipa nusu ya ndizi zake kama kawaida. Nikamwambia nimeshiba. Tangu siku hiyo sikuzungumza naye ila kwa mambo ya kazi, naye, baada ya kujaribu mara mbili tatu, akaacha.

Jumamosi tulikuwa watu wanane. Mkuu, mimi, wachimbaji wanne na walinzi wawili. Baada ya muda mfupi tulikuwa zaidi, kwa kuwa watu wa karibu walikuja kusimama kwenye njia. Tonton alikuwa miongoni mwao, amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Hakunitazama.

Mkuu alianza na mahali pa mbali, mita mia mbili sabini na tatu. Alipima mwenyewe, hakuniruhusu kushika mnyororo wa kupimia. Walichimba shimo, wakalipanua, wakachimba la pili na la tatu pembeni. Ardhi ilikuwa nyekundu, laini, safi. Hakukuwa na kitu. Mkuu alipangusa uso, akasema hiyo haithibitishi neno. Twendeni kwingine.

Tulipita mbele ya makaburi kurudi nyuma. Nilipita kaburi la baba hatua tatu kutoka ubavuni, nimeshika daftari, sikugeuka. Nilihisi macho ya watu yote yakinipima nitafanya nini.

Kwenye mita mia na tano kulikuwa na kichaka, na ndani yake mti mmoja uliokuwa umezeeka mahali pale pale. Jiwe halikuwepo. Wachimbaji walianza. Kina cha goti walikuta mzizi mnene kuliko mkono wangu, umelala kutoka upande hadi upande. Mkuu aliwaamuru wasiukate. Alishuka shimoni yeye mwenyewe, akapiga magoti na suruali yake nyeupe, akawa anafukua chini ya mzizi kwa vidole. Alitoa udongo mweusi kiganjani, akausugua. Ulikuwa mkaa. Akatoa kipande cha shingo ya chupa, cha kijani, kisha kingine. Alivitazama, akautazama mzizi uliovifunika, na nikajua anahesabu umri wa mti. Hakuna mtu angeweza kuvipitisha chini ya mzizi ule wiki hii, wala mwaka huu, wala miaka kumi iliyopita.

"Andika," akaniambia kwa Kifaransa. "Mita mia na tano."

Niliandika. Namba ile ilitoka mbaya kuliko zote katika daftari.

Tukiwa tunakusanya vyombo alinisogelea. "Ulijua mkaa uko hapa," akasema. Lilikuwa kama swali na kama si swali.

"Hapana, Monsieur. Nilijua tu kwamba ungeweza kuwa hapa."

Alitikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kukataa. Jumatatu iliyofuata niliondolewa kwenye hesabu, nikapelekwa chumba cha nyuma kupanga majalada ya zamani. Hakuna aliyesema ni adhabu. Mkuu alisema mtu mwenye ndugu kila mahali mjini ni vizuri akae na karatasi.

Nilimwendea tonton baada ya wiki mbili hivi, nikidhani sasa angenipokea. Alinipokea. Aliniletea kiti, chai, na mikate ya mchele. Lakini alinitazama nikila kwa namna ambayo sikuielewa.

"Walikuomba nini?" akauliza mwishowe.

"Nani?"

"Wazungu. Walituachia makaburi. Watakuomba nini?"

Nilichukua chaki yake ya kukatia nguo, nikamchorea pembetatu juu ya meza ya kukatia. Nilichoma pini mahali pa jiwe la pili, nikafunga uzi, nikauzungusha mpaka ukaugusa mstari wa njia mara mbili. Yeye ni fundi. Mikono yake inajua vipimo. Aliuchukua uzi akauzungusha mwenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili. Alielewa kabla sijamaliza.

"Bon," akasema. "Iko mara mbili kweli." Aliweka kidole juu ya pini. "Na kama muti haukukuwa pale, nani angechagua?"

"Mkuu."

"Basi si hesabu iliyotusaidia. Ni muti."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Jumatano ile, nilipokuwa nimekaa kimya na karatasi yangu, yeye alifunga duka akaenda ofisini kwetu. Alimwona mkuu. Alimwambia kwamba kuna kijana mmoja pale ambaye baba yake amelala kwenye ardhi ile, na kwamba yuko tayari kuwauza wazee wake ili apandishwe cheo, na Bwana awe mwangalifu na mutu wa namna hiyo. Alikuja kunishtaki kwa kuwauza, na mkuu akasikia kinyume chake, kwamba nina sababu ya kuwaokoa.

"Nilifikiri umetuuza," tonton akasema. Hakuomba radhi, na mimi sikutaka aniombe. Alikuwa kama baba yangu. Nilimaliza chai.

Kesho yake nilimwendea mchora ramani mezani kwake. Nilimwambia yote: nilivyomdhania, tangu lini, na kwa nini. Alikuwa ananoa penseli. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Wiki tatu," akasema. "Nilidhani mke wangu amemkosea mke wako. Nilikwenda nyumbani nikamgombeza."

Tulirudi kusalimiana, na siku za mvua tulikaa pamoja kungoja ipungue. Lakini ndizi hakunigawia tena.

Chumba cha majalada kilikuwa na madirisha madogo na harufu ya karatasi yenye unyevu. Kazi ilikuwa chache. Nilianza kusoma hesabu za watu waliokuwa wamekaa kwenye kiti changu kabla yangu, kwanza kwa kupoteza muda, baadaye kwa makusudi. Nilitafuta aina moja tu: pande mbili zinazojulikana na pembe isiyo katikati. Nyingi zilikuwa salama, uzi usingeweza kugusa mara mbili. Lakini katika mwezi wa pili nilikuta moja ya ukingo wa kushoto wa mto Kongo, na mkokotoaji alikuwa amesimama kwenye jibu la kwanza, pembe kali, akapiga mstari chini yake na kutia sahihi. Nilichora. Penseli ilikata mara mbili.

Sikuwa na ndugu upande ule. Sikujua hata mtu mmoja. Nililipeleka jalada kwa mkuu siku hiyo hiyo, kabla sijapata muda wa kujiuliza maswali. Alipindua kurasa zake.

"Nani amekutuma kutafuta hili?"

"Hakuna, Monsieur."

"Liache hapa."

Baada ya wiki mbili nilimwuliza. Alisema analiangalia. Kisha akaenda likizo Ulaya, na aliyekuja badala yake hakulijua jalada hilo. Kwenye kabati halikuwemo. Namba nilikuwa nazo kichwani. Jumapili moja nilivuka mto kwa mtumbwi, nikatembea kuelekea mahali ambapo jibu la pili lingeuweka mpaka. Kabla sijafika nilikuta shamba la mihogo, na nyuma yake uzio wa kampuni nyingine ukanizuia, waya umeshika kutu. Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa akipalilia karibu na waya. Nilimsalimu, nikamwuliza kama uzio ule umekuwepo siku nyingi, na kama watu walikuwa wakilima ng'ambo yake zamani.

Alisimamisha jembe. Alitazama viatu vyangu, kisha daftari lililokuwa mkononi mwangu.

"Nani amekutuma?" akauliza.

Nikamwambia hakuna aliyenituma, nimekuja mwenyewe, kuna hesabu nataka kuihakikisha. Akaniambia yeye hajui kitu, ni mgeni pale, nimwulize mume wake, na mume wake hayuko. Akainama akaendelea kupalilia, akisogea mbali nami kidogo kwa kila jembe, mpaka nikaona nimwache.